Fungu la Kumi la Boti



Jumapili iliyopita Mchungaji alitupitisha katika Nehemia sura ya 5, na mliokuwapo mnakumbuka alivyokaa muda mrefu pale maskini wanapowalilia ndugu zao wenye mali wakati wa njaa. Wiki hii ukurasa nimepewa mimi. Sitarudia mahubiri. Nataka niwaeleze jambo ambalo limetusumbua sisi watumishi na wazee tangu maji yaanze kupungua, maana najua linasemwa sokoni na kwa watu wa bodaboda, na heri mlisome hapa kuliko kulisikia nusunusu huko. Wahusika wawili wamenipa ruhusa, mradi nisiwataje majina.

Jumapili ya kwanza tuliporudi kuabudu ndani, sakafu bado ikinuka matope, tulihesabu sadaka tukakuta bahasha nene. Juu yake jina la kijana mmoja wa hapa kwetu, na chini ya jina ameandika: "fungu la kumi, ya boti". Ndani mna Sh8,600. Hesabu yake haihitaji chuo. Kama hilo ni fungu la kumi, basi boti iliingiza Sh86,000 katika zile wiki ambazo wengi wetu tulikuwa tunakula mahindi ya msaada.

Mama mmoja kati ya wanaohesabu akaweka kalamu chini. Akasema, "Hii mimi siihesabu. Sh300 zangu zimo humo."

Tulinyamaza. Sote tulijua safari yake. Alivushwa usiku kutoka kijiji cha bondeni, mtoto mgongoni ana homa kali, akikimbilia Hospitali ya Ngao. Wiki moja kabla nauli ilikuwa Sh150. Usiku ule akaambiwa Sh300, akafungua kanga, akatoa pesa aliyokuwa ameiweka ya dawa. Mtoto yuko mzima leo, Mungu ni mwema. Lakini mama alisema jambo ambalo sijalisahau: "Sikukasirika kulipa. Nilikasirika kwamba alikuwa ananijua."

Mzee mmoja akafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 23, pale panapokataza mapato ya aibu kuletwa nyumbani mwa Bwana, akasema pesa ya kulangua watu ndani ya mafuriko ni ya namna hiyo hiyo. Mwingine akauliza, kwani tukiirudisha, stima tutalipa na nini? Mjadala ukawa moto. Mwishowe wakanigeukia mimi. "Pasta, wewe ndiye uliyesomea biashara. Tuambie, ile nauli ilikuwa dhambi ama haikuwa?"

Nilijibu haraka mno. Ndiyo sababu ninaandika.

Kwanza nikumbushe yaliyotukuta, kwa ajili ya watoto watakaolikuta jarida hili sandukuni miaka ijayo. Mto Tana unaanza mbali, Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unateremka kilomita kama 1,000 hadi baharini. Njiani umewekewa mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masika ya 2024 yalipoyajaza, maji yakaanza kumwagika, na KenGen ikawa inatangaza kwamba watu wa Garissa na Tana River wahame kingo za mto. Ndiyo maana mafuriko yetu huwashangaza wageni. Unaweza kuwa umekaa Ngao chini ya jua kali, wingu hata moja hakuna, na maji yanapanda kibarazani. Ni mvua ya watu wengine. Hola wanayaona kwanza, siku chache baadaye ni zamu yetu. Wazee wetu huhesabu umri kwa maji: yale ya 1961, El Nino ya 1997 iliyobomoa kingo za mradi wa mpunga wa TARDA, ya 2018, halafu ya mwisho wa 2023, ambayo hatukuwa hata tumemaliza kukausha magodoro. Mwezi wa tano barabara ya Lamu ikakatika tena Lango la Simba. Huku kwetu njia za bondeni zote zikawa mto. Mwenye boti ndiye akawa barabara.

(Na wenye mashamba mnajua, maji haya haya yakiondoka huacha udongo mweusi unaozaa mahindi na ndizi. Babu zetu hawakuuita mto adui. Lakini hilo si la leo.)

Sasa jibu langu la haraka. Niliwaambia wazee hivi: bei ikipanda wakati wa shida si lazima iwe wizi, inaweza kuwa ni tarumbeta. Inawaita wenye vyombo waje. Nauli ingebaki Sh50 ya siku za kawaida, nani angechoma petroli kupita juu ya ua na visiki asivyoviona, na mamba wamo humo humo? Nikawapa mfano wa Florida, Marekani, baada ya kimbunga Charley mwezi wa nane 2004. Kuna kituo cha petroli kilichouza mfuko wa barafu kwa dola 10, na kawaida ulikuwa dola 2. Watu wakawaka. Wako wataalamu wa uchumi waliosema waacheni, bei hiyo ndiyo itakayoleta barafu kutoka miji mingine. Hata hivyo serikali ya jimbo hilo ina sheria dhidi ya ulanguzi kama huo, na wafanyabiashara walishtakiwa. Nikaongeza Mithali 11:26. Mwenye kuzuia nafaka analaaniwa na watu, na baraka inamkalia nani? Haisemi anayeigawa bure. Inasema anayeiuza. Biblia haioni haya na muuzaji.

Hayo yote bado nayaamini. Lakini nilipofika nyumbani sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa nimelijibu swali la barafu, na mama yule hakuwa amenunua barafu.

Fikirieni abiria watatu ndani ya boti moja. Wa kwanza ana magunia ya vitunguu na anajua ng'ambo atauza kwa bei nzuri. Sh300 kwake ni gharama, ataiingiza kwenye kitunguu. Wa pili ni mwalimu anarudi kazini, akiona ni ghali anaweza kulala kwa shemeji yake siku mbili. Wa tatu ana mtoto anayechemka mgongoni. Wote wametoa noti sawa, na kwenye vitabu vyangu vya chuo wote watatu "wamekubali bei". Lakini wa tatu hakukubali chochote. Kukubali maana yake ni kwamba ungeweza kukataa. Mtu asiyeweza kukataa hatujapatana naye bei. Tumemwambia tu kiasi.

Ndiyo ile Samaria ya 2 Wafalme sura ya 6, mji umezingirwa, kichwa cha punda kinauzwa vipande 80 vya fedha. Sidhani kuna mtu aliyenunua kichwa kile halafu akajisifu kwamba amepata soko zuri. Na hata Yusufu wetu tunayempenda, soma Mwanzo 47 polepole. Aliokoa watu na njaa, kweli, lakini pesa yao ilipokwisha akachukua mifugo, mifugo ilipokwisha wakatoa mashamba na miili yao kwa Farao. Watu wenyewe walimshukuru. Mimi kila nikifika pale hujiuliza kama shukrani ya mtu aliyebaki bila shamba ni ushahidi wa kutosha kwamba tulimtendea haki.

Basi Jumatatu nilimfuata kijana. Nilimkuta kando ya mto anafunga mashine yake kwa mpira wa zamani. Alikuwa amekwisha kusikia. Ngao hakuna siri. Akaniambia, "Pasta, kama bahasha haitakiwi nirudishieni, lakini msiniite mlanguzi kabla hamjaona daftari." Anaweka daftari! Nimewafundisha vijana wetu miaka mitatu habari ya kuweka daftari la biashara, na niliyedhani hasikilizi ndiye aliyeweka.

Tulikaa juu ya boti iliyopinduliwa, tukapitia. Mauzo, Sh86,000. Petroli, ambayo wakati ule ilikuwa inafika kwetu kwa mitungi na kwa bei ya mitungi, Sh47,000. Kijana wa kumsaidia na pondo, Sh12,000. Propela iliyovunjika kwenye ua wa mtu uliokuwa chini ya maji, Sh7,500. Mkopo wa chama alionunulia mashine, Sh10,000. Toa zote. Alibaki na Sh9,500. Kisha akatoa fungu la kumi Sh8,600.

Nikamwambia, "Umekosea. Umetoa kwenye mauzo, si kwenye faida." Akanitazama. "Si ni wewe ulifundisha darasa la ushirika kwamba fungu la kumi hutolewa kabla ya gharama?"

Ni mimi. Nilifundisha nikiwafikiria wenye mishahara. Mwenye boti alinisikia na akatii, akabaki na Sh900 kwa majuma matano ya kulala na nguo mbichi.

Lakini ukurasa ulionichoma ulikuwa wa kwanza. Siku tatu za mwanzo hakuna mauzo yoyote, kuna petroli tu: Sh8,200. Nikamwuliza, hizi siku tatu ulikuwa wapi? Akasema, "Nilikuwa nabeba bure, Pasta. Si mlisema ni kazi ya Bwana?"

Na mstari wa kwanza wa siku ya kwanza umeandikwa: "kanisa, vyombo".

Wapendwa, hili sikuwaambia wazee siku ile, nimewaambia baadaye, na sasa nawaambia ninyi. Adhuhuri ile maji yalipoanza kuingia uani, mimi ndiye niliyempigia simu. Na safari ya kwanza ya boti ile haikubeba mtu. Ilibeba spika mbili, kinanda, jenereta na viti vya plastiki vingi kadiri vilivyoingia. Safari ya pili ilikuwa viti vilivyobaki. Wakati huo kuna wazee wawili wa kijiji jirani walikuwa wamesimama juu ya kichuguu wakingoja, akawafikia magharibi. Walikuwa hai. Namshukuru Mungu, lakini sijisifu. Sikujua kama wako pale, na ukweli ni kwamba sikuuliza. Na petroli sikuilipa. Nilimwombea, nikamwekea mkono begani, nikamwambia Bwana atamlipa.

Mnaona hesabu inavyokwenda. Siku ya nne alikuwa na mtungi mtupu na deni. Akaanza kutoza Sh150, na kwa daftari lake hiyo ilikuwa nauli ya haki, hakuna mtu angeweza kupunguza bila kuzama. Halafu mashine ya boti nyingine ikafa, akabaki peke yake, na kwa siku nne alitoza Sh300. Tulijaribu kukadiria alichozidisha siku hizo, abiria kama 40, inakuja Sh6,000. Yaani kile alichowazidishia watu kama mama yule hakijafika hata ile Sh8,200 tuliyosafiri bure sisi na walio karibu nasi. Zile spika hazikubebwa bure. Hakuna kitu kinachobebwa bure majini. Zililipiwa, na mmoja wa waliozilipia alikuwa na mtoto mwenye homa.

Msidhani namsafisha kijana. Nilimwuliza waziwazi, ulipopandisha kutoka Sh150 hadi Sh300, petroli ilikuwa imepanda? Akasema hapana. Basi nini kilibadilika? Akatazama maji kwanza, ndipo akasema, "Nilijua hawana pa kwenda." Nadhani dhambi imelala katika sentensi hiyo, si katika tarakimu. Angeweza kutoza Sh300 kwa sababu propela imevunjika na ningemtetea mbele ya wazee wote. Alitoza kwa sababu mlango mwingine umefungwa. Hapo alikuwa hauzi tena safari, alikuwa anauza hofu ya mwenzake.

Na kuna lingine alilolisema mwenyewe bila kuulizwa. Katika siku zile nne shangazi yake wa Hola alimpigia kwamba kule maji yameanza kushuka. Alijua basi kwamba baada ya siku chache na kwetu yatashuka. Hakumwambia abiria yeyote. Nikamweleza kisa ambacho mwalimu wetu wa maadili ya biashara alikipenda. Kiko katika kitabu cha Cicero, Mrumi wa zamani, alichoandika mwaka wa 44 KK. Mfanyabiashara ametoka Aleksandria na meli ya nafaka, anafika kisiwa cha Rhodes, watu wana njaa, bei iko juu. Yeye anajua meli nyingine ziko njiani. Awaambie, ama auze kimya kimya? Cicero anasema wanafalsafa wawili walibishana, mmoja mwalimu na mwingine mwanafunzi wake. Diogenes akasema muuzaji hajadanganya, kunyamaza si kuficha. Antipater akasema sisi ni watu wa jamii moja, unawezaje kumnyima mwenzako habari inayomfaa ili upate faida? Cicero mwenyewe alikubaliana na Antipater.

Kijana alifikiri kidogo kisha akaniambia kitu ambacho chuoni hatukukigusa. "Mama wa mtoto hata ningemwambia angevuka tu. Yule mwalimu ndiye angengoja. Na magunia ya vitunguu yangengoja. Mimi ningebaki na wagonjwa peke yao, na wagonjwa hawana pesa." Kwa hiyo ukweli ungempotezea wateja wenye uwezo na kumwachia wasio nao. Mpaka leo naona Antipater ana haki. Lakini naona pia kwamba Antipater hakuwa na mkopo wa chama.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mchungaji anaipenda Nehemia 5. Nehemia anawakemea wakubwa, anawataka warudishe mashamba na riba, sawa. Lakini endelea chini kidogo. Anaeleza kwamba yeye mwenyewe, liwali, miaka 12 hakula posho ya uliwali, kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Angewakemea vipi wakubwa, na yeye mwenyewe analishwa na mzigo ule ule? Mimi nilikuwa nataka kumkemea mwenye boti nikiwa nimekalia kiti alichokiokoa kwa petroli yake.

Wazee walikutana Ijumaa. Yule mzee wa Kumbukumbu la Torati alishikilia kwamba bahasha irudishwe, na ana hoja. Mimi nilisema naogopa tufanane na makuhani wa Mathayo 27, waliokataa kutia vile vipande vya fedha katika hazina kwa kuwa ni pesa ya damu, wakati pesa yenyewe ilitoka mkononi mwao. Tulikwenda mpaka saa nne usiku. Mama yule alikuwapo, na alisema machache kuliko sote.

Tulichoafikiana ni hiki. Kutoka mfuko wa vyombo, ambao tulikuwa tunaukusanya kwa ajili ya mixa mpya, kanisa limemlipa kijana Sh8,200 zake. Mixa itangoja. Yeye ameanza kuwarudishia wale wa siku nne kile alichozidisha, wale anaowakumbuka. Kama ulivuka siku hizo na hajakufikia, mwone, asiyemjua aje kwangu. Bahasha haijatumika. Iko kwa mweka hazina, na kijana ataamua aitoe upya kiasi gani baada ya mimi kulifundisha tena lile somo la mauzo na faida. Nitalifundisha na daftari lake mezani, amekubali kuliazima.

Mama alipelekewa Sh300 zake nzima. Alichukua Sh150, ile nyingine akamrudishia mkononi. Akamwambia, "Hii ni ya mashine. Ulinifikisha."

Mvua za vuli zinaanza Oktoba, na kama mabwawa yatajaa tena hatutangoja kuambiwa na mtu. Jumatano baada ya maombi ya jioni tutakaa, wenye boti na mitumbwi tafadhali mje. Tunataka kununua mitungi ya petroli mapema ikae juu kwa mzee, tupange nauli na ninyi wenyewe kabla maji hayajaja, na tuandike majina ya wajawazito, wazee na wagonjwa wa kila kijiji ambao nauli yao italipwa na kanisa. Spika tumekwisha zipandisha darini.